Nani ameiba nini? Uzi kuhusu kamari za mtandaoni, kunakiliana, na ile ahadi ya "tutaleta sheria"

1/ Wadau, uzi wa leo ni mrefu kidogo, tafuta chai. Majuzi nilikuwa Wote, Makueni, kwa mkutano wa hadhara wa watu wanaotafuta viti vya kaunti. Wananchi wawili walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakalalamika kwamba wameibiwa kwenye haya mambo ya kubeti. Mheshimiwa mtarajiwa akawajibu wote kwa sentensi moja: nyote mmeibiwa, mkinipa kura tutaleta sheria ya kulinda ubunifu hapa kwetu. Makofi.

Mimi sikupiga. Wale wawili walikuwa wanaongelea wizi wa aina mbili tofauti, na ile sheria haingemsaidia hata mmoja. Acha nieleze. Kanuni ni ile ya siku zote: hakuna jina la mwanasiasa wala chama kwa uzi huu, hata kwa majibu.

2/ Wa kwanza alikuwa kijana wa rika langu, anajua kuandika programu. Alitengeneza mchezo wa simu: bodaboda inapanda mlima, pesa yako inaongezeka kadiri inavyopanda, na lazima utoe kabla haijaanguka. Akaupeleka kwa kampuni moja ya kubeti, akawaonyesha kila kitu, wakamwambia watampigia. Hawakupiga. Baada ya miezi kadhaa akaona mchezo kama wake umetoka, ila sasa ni lori, si bodaboda. "Wameniibia mchezo wangu," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka.

3/ Wa pili alikuwa mama wa kutoka Kathonzweni. Mtoto wake anakaa Kitui mjini, analima ndengu upande wa Mwingi. Baada ya kuuza alichovuna, aliweka 14,000 kwa tovuti ya kubeti ambayo jina lake analijua kila mtu. Rangi zile zile, nembo ile ile. Akacheza, akaona salio limefika 40,000. Alipotaka kutoa akaambiwa alipe kwanza ada ya kutolea, 2,500. Akalipa. Akaambiwa bado kuna ushuru. Akalipa tena. Kesho yake tovuti haifunguki. Ilikuwa bandia.

4/ Sasa niseme ukweli kabla sijaendelea, kwa sababu ukiandika mambo ya watu unafaa kusema unasimama wapi. Yule mama ni shangazi yangu. Huyo kijana wa ndengu ni binamu yangu. Na ile linki alitumiwa na mimi. Niliipata kwa kundi la WhatsApp la chuo, imeandikwa kuna bonasi ya wateja wapya, nikaiona ni ya kampuni ninayoijua, nikamtumia bila kuangalia mara mbili. Kwa hivyo huu uzi si wa darasani tu.

5/ Haya, tuanze. Watu wakisema "wameniiba" kwenye biashara, sheria inauliza: wamechukua nini hasa? Kuna wazo, kuna kazi, kuna jina.

Chukua mfano wa mama anayeuza muthokoi sokoni Kitui. Wazo la kuuza muthokoi si lake. Jirani akifungua kibanda cha muthokoi kesho, hakuna kesi. Kazi ni kitu alichokitengeneza kwa mkono wake, kama ule mchoro aliochora ukutani. Ukiuhamisha vile ulivyo hadi ukuta wako, hapo umevuka mpaka. Jina ni lile bango la juu ambalo wateja wanalijua. Ukitundika bango kama lake ili wateja wake waingie kwako wakidhani ni kwake, umemkosea yeye na umewadanganya wateja pia.

6/ Tuanze na wazo, maana hapa ndipo vijana wengi huumia. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, inataja vitu ambavyo Kenya haivihesabu kama uvumbuzi wa kupewa hataza. Ndani ya hiyo orodha kuna kanuni na njia za kufanya biashara, na kanuni na njia za kucheza michezo. Soma tena hiyo. Kanuni za mchezo hazipewi hataza. "Unaweka pesa, namba inapanda, unatoa kabla haijaanguka" ni kanuni ya mchezo. Haina mwenyewe.

7/ Ndiyo maana soko letu la kubeti linafanana hivi. SportPesa ilipoanza 2014, mchanganyiko wake ulikuwa rahisi: mechi za mpira, ujumbe mfupi wa simu, na pesa kupitia M-Pesa. Ikaongeza jakipoti ya mechi 17, na Mei 2017 mtu mmoja akashinda shilingi 221,301,602. Baada ya hapo, ni kampuni gani haikuwa na jakipoti yake? Wengine wakapunguza idadi ya mechi, wengine wakabadilisha siku. Inaudhi ukiwa wewe ndiye ulianza, lakini kisheria huo ni ushindani tu.

8/ Na mambo haya hayako kwenye kamari peke yake. Mwaka 2012 Faulu Kenya ilikuwa na mkopo wa simu unaoitwa Kopa Chapaa, walioufanya pamoja na Airtel. Novemba mwaka huo Safaricom na benki ya CBA wakazindua M-Shwari. Faulu wakaenda mahakamani wakisema wazo lao limechukuliwa. Mahakama Kuu ilikataa kuisimamisha M-Shwari. Kama taasisi ya fedha yenye mawakili ilishindwa kufungia wazo, fikiria kijana wa Wote mwenye laptopu moja.

9/ Kabla hujakasirika, geuza upande wa pili. Tuseme wazo lingefungiwa. Yule kijana wetu wa bodaboda angekuwa wa kwanza kushtakiwa! Michezo ya namba inayopanda hadi ianguke ilivuma mtandaoni na Bustabit, mwaka 2014, watu wakicheza kwa Bitcoin. Ikaja JetX. Mwaka 2019 kampuni ya Spribe kutoka Georgia ikatoa Aviator, kale kandege ambako leo kila kibanda cha bodaboda kutoka Emali hadi Mwingi wanakajua. Halafu wengine wakaja na roketi, wengine na mtu wa anga. Bodaboda yake inapanda mlima ambao wengine waliupanda kabla yake.

10/ Kwa hivyo hao wakubwa wanagombania nini wakipelekana kortini? Wanagombania jina na mchoro. Mwaka 2024 mahakama ya Georgia iliamua kesi ya kampuni inayoitwa Aviator LLC dhidi ya Spribe na Adjarabet, kampuni ya kubeti iliyo chini ya Flutter. Hoja ilikuwa nani mwenye haki ya jina "Aviator" na ile picha ya ndege. Mahakama iliipa ushindi Aviator LLC na kuagiza fidia ya yuro milioni 330. Waliopoteza wakasema watakata rufaa. Hesabu hiyo pesa kwa shilingi uone kama utamaliza. Na kanuni ya mchezo, yaani namba kupanda na kuanguka, haikuwa ndiyo ugomvi.

11/ Halafu 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaizuia kwa muda hiyo hiyo Aviator LLC kuzindua mchezo wake huko, baada ya Spribe kuomba. Yaani aliyeshinda Georgia akazuiwa London. Mbona? Kwa sababu haki ya jina hufuata nchi. Ukisajili alama ya biashara Kenya kupitia Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, unalindwa Kenya kwa miaka 10, na unaweza kuhuisha. Ukivuka mpaka unaanza upya, au unatumia mikataba ya kimataifa kuomba nchi nyingi kwa pamoja. Mtu akikuambia "sisi ndio wenye hili jina duniani", muulize: kwa nchi gani, na kwa karatasi gani?

12/ Hapa kwetu pia tumeona ugomvi wa jina. Julai 2019, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, BCLB, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Mojawapo ilikuwa Pevans East Africa, iliyokuwa ikiendesha SportPesa. Mwisho wa Septemba SportPesa ikatangaza kusimamisha kazi Kenya. Oktoba 2020 kampuni nyingine, Milestone Games, ikatangaza kwamba inalirudisha lile jina. Bodi ikasema hapana, hilo jina ni la Pevans. Milestone ikaenda mahakamani, na wenye hisa nao wakavutana kwa kesi zao kuhusu hiyo hiyo mali.

Unaona? Leseni ilikufa, jina likabaki hai. Jina lililowahi kukaa kifuani kwa jezi ya Gor Mahia na ya Everton ni mali kuliko ofisi na kompyuta zake.

13/ Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Jina ni mali ya kampuni, sawa. Lakini nani mwingine analitegemea? Mchezaji. Binamu yangu hakusoma masharti, hakuuliza leseni. Aliangalia rangi na nembo, basi. Nembo ndiyo iliyomwambia "hapa ni salama". Nilipoangalia ile anwani baadaye, nikakuta herufi moja tu imeandikwa mara mbili. Herufi moja, na pesa za msimu mzima zimeenda.

14/ Sasa angalia vile haki zimepangwa. Jina likinakiliwa, mwenye haki ya kushtaki kwa kuingiliwa alama ya biashara ni kampuni. Ina mawakili, ina sababu, na ikishinda fidia ni yake. Aliyepoteza 14,000 hana alama ya biashara ya kutetea. Njia yake ni polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kutumia jina la mwingine mtandaoni bila haki ni kosa: faini isiyozidi 200,000, au jela isiyozidi miaka miwili, au vyote. Kuna pia kosa la kuunda tovuti ya kuwahadaa watu watoe taarifa zao. Sheria ipo. Lakini ukienda kituoni na hasara ya 14,000, mbele yako kuna kesi ya mbuzi na kesi ya shamba. Ulipewa namba ya OB, ukaambiwa urudi nyumbani.

15/ Na wezi wanajua hilo. Ndiyo maana kila jina likivuma, nakala zake zinafuata nyuma. Kuna hata zile programu zinazouzwa Telegram, eti zinakuambia kandege kataanguka saa ngapi. Nisikilize hapa tafadhali. Kwa maelezo ya Spribe wenyewe, matokeo ya kila raundi yanatokana na namba ya siri ya mtambo wao ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza wa raundi hiyo. Wachezaji hao hawajulikani kabla. Anayekuuzia utabiri anakuuzia hewa. Angekuwa anajua, angecheza mwenyewe, hangehitaji 500 yako.

16/ Turudi kwa kijana wa bodaboda, maana sitaki aondoke mikono mitupu. Wazo halikuwa lake, lakini kazi ilikuwa yake. Programu aliyoandika inalindwa na Sheria ya Hakimiliki tangu siku aliyoiandika, hata kabla ya kusajili. Kusajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki, kunampa ushahidi wa tarehe. Kama kampuni ilichukua mistari yake ya programu au michoro yake, ana kesi. Kama walichukua wazo pekee na kuandika programu yao wenyewe, hana kesi ya hakimiliki. Alichokosa zaidi ni karatasi moja: mkataba wa kutunza siri, uliotiwa sahihi kabla ya kufungua laptopu. Ukishaonyesha bila mkataba, umemwaga maji mchangani.

17/ Na kuna kitu kingine hakusema mkutanoni. Hangeweza kuuendesha ule mchezo peke yake. Kamari inahitaji leseni. Kwa hivyo mbunifu mdogo wa michezo hii lazima apitie kwa mwenye leseni, na mwenye leseni ndiye huyo huyo anayeweza kumnakili. Mtu wa kuuza juisi ya maembe Makueni anaweza kuanza na meza na jagi. Wa kamari hawezi. Mlango ni mmoja na una mwenyewe. Hilo ni swali la kisiasa kweli kweli, kuliko hizi kelele za "tulinde ubunifu".

18/ Sasa ile ahadi. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sehemu ya kwanza, kazi za serikali ya kitaifa: haki za mali ya ubunifu ziko hapo, nambari 12. Polisi na mahakama pia. Sehemu ya pili, kazi za kaunti: kubeti, kasino na aina nyingine za kamari zimetajwa chini ya burudani ya umma, huku kamari ya kiwango cha kitaifa ikibaki Nairobi. Maana yake? Kaunti inaweza kusema kitu kuhusu nyumba ya kamari iliyo kando ya shule Wote. Haiwezi kutunga sheria ya hataza au ya hakimiliki. Anayetafuta kiti cha kaunti akikuahidi sheria ya kulinda ubunifu, anakuuzia ng'ombe wa jirani.

19/ Serikali ya kitaifa nayo? Kwa miaka mingi kamari ilisimamiwa na sheria ya 1966, kabla hata kompyuta haijafika kwa ofisi nyingi. Agosti 2025 Sheria ya Kudhibiti Kamari ikatiwa sahihi, na inaunda mamlaka mpya kuchukua nafasi ya BCLB. Hapo ndipo pa kupeleka madai ya shangazi yangu. Kwa mfano: orodha ya wenye leseni na anwani zao halisi iwe wazi na rahisi kusoma kwa simu, na kuwe na muda maalum wa kufunga nakala ikiripotiwa. Haya si mambo ya KIPI.

20/ Kuna rafiki yangu aliniambia, "Wewe unatetea kampuni za kamari? Zife zote." Ninaelewa. Lakini mtu asiyependa pombe bado anataka pombe bandia iondolewe, kwa sababu inaua haraka. Na pia sitaki kujidanganya. Nilipomwambia shangazi kwamba ile tovuti ilikuwa nakala, akaniangalia tu. "Kijana wangu," akasema, "hata ile ya ukweli ingemla. Ingemla polepole." Sikuwa na jibu. Bado sina. Kulinda jina kunamlinda mchezaji dhidi ya mwizi, hakumlindi dhidi ya mchezo wenyewe.

21/ Kwa hivyo wakati wa kampeni ukisikia "tumeibiwa, tutaleta sheria", inua mkono uulize maswali matatu:

Kilichoibwa ni wazo, kazi, jina, au pesa za mchezaji?
Anayeweza kulirekebisha ni nani: kaunti, Bunge, KIPI, KECOBO, msimamizi wa kamari, au polisi?
Sheria ikipita, nani atalipwa fidia: kampuni, mbunifu, au yule aliyetapeliwa?

Mheshimiwa akishindwa kujibu la kwanza, hayo mengine mawili usimsumbue nayo.

22/ Na kwako wewe, leo leo: usiguse linki ya bonasi, andika anwani mwenyewe herufi kwa herufi. Hakuna kampuni halali ya kukuambia utume pesa ndiyo upewe pesa zako. Ukitapeliwa, hifadhi picha za skrini na ujumbe wa M-Pesa kabla hujafuta kwa hasira. Ukiwa na programu yako, isajili na uwe na mkataba kabla ya kuionyesha mtu.

Binamu hajarudishiwa kitu. Mimi ninampa elfu moja kila mwisho wa mwezi, maana linki ilikuwa yangu. Anasema niache, shangazi anasema niendelee. Nitaendelea.

Uzi umeisha. Kama uko Kitui au Makueni na yamekupata kama haya, niandikie hapa chini ilikuwaje, bila majina ya watu. Mwanasheria akiona mahali nimekosea, anirekebishe mbele ya watu, sitakasirika.